Je, Njaa ni Silaha Halali?

Tukisikia kwamba mtu ameua vitani, mara moja twafikiri habari za bunduki. Lakini katika Vita Kuu ya Kwanza walikuwako mabaharia ambao kazi yao ilikuwa kusoma karatasi, nayo ilichangia vifo vya watu wengi mno.

Tangu 1914 hadi 1917 kikosi cha meli za Kiingereza kililinda bahari ya kaskazini, kati ya Uskoti, Norway na Iceland, ili shehena zisifike Ujerumani. Nyingi zilikuwa meli za abiria, hata za kubebea ndizi, zilizofungwa mizinga. Zilisimamisha meli zilizopita. Mashua ikashushwa katika mawimbi na baridi kali, ofisa akaenda kukagua hati za shehena. Meli yenye shaka ilipelekwa Kirkwall ikapekuliwe. Mapema mwaka 1915 meli mbili za ulinzi huo, Viknor na Clan McNaughton, zilizama na watu wote. Hatuthubutu kuwaita watu hao wakatili.

Wala tusiseme walifanya kazi bure. Mwaka huo huo meli ya Kijerumani, Rubens, ikijisingizia kuwa ya Denmark, iliwapenya, ikaizunguka Afrika, na mwezi wa Aprili ikaingia ghuba ya Manza karibu na Tanga, imejaa silaha. Manowari ya Kiingereza iliishambulia, lakini sehemu kubwa ya shehena iliokolewa, na vita katika Afrika Mashariki viliendelea hadi Novemba 1918. Wapagazi waliokufa njiani kwa homa na kuhara twawajua. Wengine ni babu zetu.

Basi, bunduki zizuiwe. Na ngano je? Machi 1915 Uingereza iliamuru kuzuia kila bidhaa ya Ujerumani, chakula kikiwamo. Ilisemwa kwamba serikali iliyo vitani hulisha askari kwanza, na kwamba nyambizi za Wajerumani nazo zilizamisha meli za chakula. Yote mawili ni kweli. Lakini ikiwa askari hulishwa kwanza, basi anayekosa ni mtoto na bibi kizee! Majira ya baridi ya 1916 na 1917, viazi vilipoharibika, Wajerumani walikula mizizi ya kulishia ng'ombe. Wanahistoria hawapatani juu ya hesabu ya waliokufa, wala kizuizi hakikuwa sababu pekee, lakini wengi wao hutaja laki kadhaa.

Juu ya hayo mtu aweza kubishana nasi. Juu ya linalofuata, sisi hatuoni ubishi. Mapigano yalikoma 11 Novemba 1918, lakini kizuizi hakikuondolewa mpaka Julai 1919, baada ya Wajerumani kutia sahihi mkataba. Chakula kilianza kuruhusiwa Machi tu. Miezi hiyo hapakuwa na askari wa kunyimwa mkate; mtoto alikuwa rehani.

Mwaka 1919 mwanamke Mwingereza, Eglantyne Jebb, aligawa katika uwanja wa Trafalgar, London, karatasi zenye picha ya mtoto wa Austria aliyekondeana kwa njaa. Alishitakiwa kwa kuzichapisha bila kibali, akatozwa faini ya paundi 5. Kesi ilipokwisha, mwendesha mashtaka aliyemshinda alimwendea, akamtolea paundi 5 zake mwenyewe.