Nyuma ya Utaji wa Vumbi

Je, ni haki kukihukumu kitu kwa sura kilichotuonyesha, ilhali mahali tuliposimama hatukupachagua? Swali hili ni la maadili, lakini wanafalaki nao wamelikuta mbinguni.

Mwaka 1943, Carl Seyfert wa Marekani alieleza galaksi chache zenye viini ving'aavyo kupita kiasi. Leo twajua kwamba katikati ya kiini cha namna hiyo mna shimo jeusi, na gesi inayolizunguka huwaka kwa joto kabla haijamezwa. Baadaye galaksi hizo ziligawanywa makundi mawili: zile ambazo nuru yake hudhihirisha gesi iendayo kwa kasi ya maelfu ya kilomita kwa sekunde, na zile zisizoidhihirisha.

Mwaka 1985, Robert Antonucci na Joseph Miller walichapisha uchunguzi wao wa NGC 1068, galaksi ya kundi la pili, iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 47 hivi. Waliitenga nuru iliyotoka kiinini ikagonga chembe zilizo nje yake, ndipo ikaelekea kwetu. Ndani ya nuru hiyo waliikuta gesi ile ile ya kasi. Ilikuwapo siku zote, imesitiriwa na ukanda mnene wa vumbi na gesi uliotugeuzia ubavu. Mwenye kuitazama kutoka juu ya ukanda huo angeliiweka galaksi hiyo hiyo katika kundi la kwanza.

Sisi hatuwezi kuizunguka galaksi. Tulichokipata ni ushahidi wa chembe zilizokuwa mahali ambapo kiini chaonekana. Mwaka 2022, darubini za Paranal, nchini Chile, zilipoonyesha vumbi lililokificha kiini hicho, zilimsadiki shahidi aliyekwisha kusema.

Hata hivyo, tusipite mpaka tukadai kwamba tofauti zote ni za macho. Wingi wa vumbi hutofautiana baina ya galaksi na galaksi, na ziko ambazo gesi ya kasi haijaonekana hata kwa nuru ya kuakisiwa. Unyenyekevu haumaanishi kuvifanya vyote sawa, bali kuizuia hukumu mpaka shahidi asikilizwe.

Na ikiwa twamfanyia hivyo nyota wa mbali, binadamu mwenzetu, ambaye twamwona kwa ubavu mmoja tu, ana haki zaidi. Asiyeweza kuhama mahali pake hana udhuru wa kutomsikiliza aliye upande wa pili.