Kufuli Lenyewe ni Aibu

Shangazi yangu alikaa siku tatu bila simu kabla hajaniambia. Alikuwa amefungua linki aliyotumiwa WhatsApp, akaweka programu ya mkopo wa haraka, na kila ilipoomba ruhusa akabonyeza "Ruhusu", kama tunavyofanya sote. Asubuhi skrini ilikuwa imefungwa: tuma shilingi 8,000, la sivyo picha zako zitasambazwa kwa kila mtu unayemjua. Alituma. Simu haikufunguka.

Aliponipigia kwa simu ya jirani, nilicheka. "Kwani shangazi, hukuona hiyo ni feki?" Akanyamaza.

Ukitapeliwa, kosa ni la nani? Tuna jibu la haraka: wajinga ndio waliwao. Siku hizi silikubali.

Desemba 1989, disketi kama 20,000 zilitumwa kwa posta nchi mbalimbali, zikijidai ni za taarifa kuhusu UKIMWI. Baadaye zilificha mafaili ya kompyuta na kudai dola 189 zitumwe kwa sanduku la posta kule Panama. Machi 2020, corona ilipoanza kutisha dunia, ikaja CovidLock, programu ya Android iliyojidai kuonyesha maambukizi yalipo. Ilifunga simu na kudai dola 100 za bitkoini ndani ya saa 48. Miaka zaidi ya 30 imepita kati yao, ila chambo ni kilekile. Waliowekewa mtego walikuwa watu waliotaka kujua ugonjwa utawafikia lini. Tapeli hamtafuti mjinga, anamtafuta mwenye hofu au shida.

Tena kitisho cha kusambaza picha kina nguvu kwa sababu tu kuna watu watakaocheka. Mimi nilicheka bure, bila hata kuona picha moja. Nilikuwa nikimfanyia tapeli kazi.

Sisemi mwenye simu hana wajibu. Anao, na ni mkubwa kuliko tunavyodhani, kwa sababu namba zilizo ndani ya simu yangu si zangu peke yangu. Nikibonyeza "Ruhusu", nimewatoa na wengine. Kwa hivyo ni haki yao nipakue programu kwenye duka rasmi, si kwenye linki. Ni haki yao nijiulize programu ya mkopo inataka uwezo wa kufunga skrini yangu ya nini. Picha niweke nakala kwingine, na nikinaswa nisilipe: programu nyingi za kufunga skrini hutolewa ukiwasha simu katika hali salama. Ya shangazi ilitoka hivyo, Jumamosi, kwa dakika chache.

Lakini nilipokuwa nikiifuta, niliona kiasi alichokuwa ameomba: shilingi 5,000. Katika familia yetu nzima, yenye watu wa mishahara na grupu ya WhatsApp isiyonyamaza, hakuona hata mmoja wa kumwomba pesa hiyo. Programu ya wizi ilimuuliza kama ana shida. Sisi hatukuwa tumemuuliza.

Haya nimeyaandika kwa ruhusa yake. Aliyasoma yote kwanza, polepole, ndipo akasema sawa.