Mbwa Amezaa, Nani Anampikia?

Nyumba nyingi za Kampala zenye geti, iwe Ntinda, Najjera au Kyanja, zina mbwa wa usiku. Mchana hufungiwa bandani, giza likiingia hufunguliwa abweke, alfajiri hurudishwa. Chakula chake ni posho, ndiyo ugali wa hapa kwetu, iliyochanganywa na mukene, yaani dagaa, au vipande vya mapafu kutoka buchani, na anayempikia ni dada wa kazi au askari wa getini. Watoto wa nyumba wanamjua kwa jina, basi. Kisha siku moja anazaa watoto sita nyuma ya tangi la maji, na nyumba nzima inatoka na simu kwenda kupiga picha.

Wiki nane zinazofuata ni nafasi ya malezi ambayo wazazi wengi wa mjini wanaiacha ipite. Mtoto wa miaka kumi anaruhusiwa kuwabeba wale wadogo, kuwagawia majina na kuahidi kwamba mmoja atampa rafiki yake wa shule. Kuosha sufuria, kuchemsha mukene na kuteka maji kunabaki kwa yule anayelipwa mshahara. Bila mtu kusema neno, mtoto ameshafundishwa kwamba kupenda ni kwake na kulisha ni kwa mwingine. Akikua na somo hilo atalipeleka kwa mke, kwa mume, kwa mama yake mzee kijijini.

Napendekeza kitu kisicho na mvuto: mtoto apewe bakuli la mama mbwa, na mzazi asimame pembeni yake mpaka kazi iishe.

Kazi yenyewe si ndogo. Mbwa hubeba mimba kwa takriban siku 63. Watoto wake huzaliwa vipofu na viziwi. Macho hufunguka kati ya siku ya 10 na ya 14. Katika wiki mbili hizo hawawezi kujitunzia joto la mwili, na hata kukojoa hawakojoi mpaka mama awalambe. Ndiyo maana mama haondoki. Chakula kikiwekwa mahali pa zamani, upande wa pili wa ua, atakaa na njaa kuliko kuwaacha. Maji na chakula vipelekwe alipo.

Tena anachokitoa ni kizito. Maziwa ya mbwa yana protini na mafuta zaidi ya mara mbili ya maziwa ya ng'ombe, na yote hayo yanatoka mwilini mwake. Ifikapo wiki ya tatu au ya nne, watoto wamenenepa na bado wanamtegemea, naye huhitaji chakula mara mbili hadi nne ya kawaida, kulingana na idadi ya wanaonyonya. Hakuna tumbo linaloweza kupokea kiasi hicho katika mlo mmoja wa jioni. Apewe mara tatu au nne kwa siku, na bakuli la maji lisikauke.

Hapo ndipo posho inapotuponza. Inajaza tumbo haraka, lakini ni wanga na maji. Mbwa anashiba huku mbavu zinaanza kuonekana. Mukene iongezwe, posho ipunguzwe. Dagaa huyu wa Ziwa Victoria huliwa mzima, kichwa na mifupa, kwa hiyo humpa protini na kalsiamu pamoja, na katika soko la Kalerwe hupatikana kwa bei nafuu kuliko nyama. Ile ya bei ya chini, inayouzwa kwa ajili ya kuku, mara nyingi imeanikwa juu ya mchanga wa ufukweni. Iloweke, uikoroge, uache mchanga utulie chini, kisha uichemshe bila chumvi. Mtoto anaweza kuifanya hatua hii kwa mikono yake mwenyewe, na akiiruka, mchanga utamsema siku ileile. Mayai yanasaidia, ini kidogo pia. Mifupa ya kuku iliyopikwa isipewe kabisa, kwani huvunjika vipande vyenye ncha kali.

Lipo jambo moja ambalo linanikera. Unga ukishika ukungu, katika nyumba nyingi utasikia: huo ni wa mbwa. Ukungu wa mahindi huweza kuwa na sumu ya aflatoksini. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu hiyohiyo. Ini la mbwa halina ustahimilivu wa ajabu, na kwa mnyama anayenyonyesha sumu hiyo hupita hadi kwenye maziwa. Unga usiofaa mezani utupwe, na mtoto aone ukitupwa.

Faida ya kumwachia mtu mmoja bakuli ni kwamba huyo ndiye atakayegundua mambo yakiharibika. Mama mbwa anaweza kuishiwa kalsiamu katika damu, hasa katika wiki nne za kwanza za kunyonyesha. Huanza kwa kukosa utulivu na kuhema, kisha hutembea kwa miguu mikakamavu, hutetemeka, na mwisho hudondoka akitupatupa miguu. Hapo hakuna kusubiri kesho. Daktari wa mifugo humdunga kalsiamu polepole kwenye mshipa, na watoto hutengwa naye kwa muda. (Kumlimbikizia unga wa kalsiamu wakati wa mimba si kinga, maana huufanya mwili uzembee kujitafutia wenyewe.) Askari anayesukuma bakuli gizani na kurudi getini hataona mtetemeko wa kwanza. Mtoto anayemletea chakula mara nne kwa siku ataona.

Lakini mzazi asiondoke. Mama mbwa hulinda, na hata aliye mpole huweza kuuma. Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa cha mbwa ni watoto wa chini ya miaka 15. Mbwa awe na chanjo, bakuli liwekwe hatua chache kutoka kwa watoto wake, na katika siku za mwanzo asiwepo wa kuwabeba. Minyoo nayo hupita tumboni na kwenye maziwa, hivyo dawa huanza wiki ya pili, kila wiki mbili, kwa mama na watoto pamoja. Mayai ya minyoo hiyo hukaa kwenye udongo wa ua, na binadamu huambukizwa. Sabuni iwe karibu.

Kwa Waislamu suala la mate ya mbwa halikwepeki. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi Uganda, chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Basi bakuli lake liwe lake. Wapo wazazi wanaolikuza suala hilo hadi kumfundisha mtoto kumrushia mbwa jiwe. Hao ningewakumbusha kisa alichokiandika mwanahistoria al-Waqidi kuhusu safari ya kuifungua Makka, mwaka wa 8 Hijria. Baada ya kuondoka mahali paitwapo al-Arj, Mtume aliona mbwa jike akiwangurumia wapitao huku watoto wake wakinyonya. Akamwamuru sahaba Ju'ayl bin Suraqa asimame mbele yake, asije mtu yeyote wa jeshi akamsumbua. Wataalamu wa hadithi hawampokei al-Waqidi bila maswali, nami sitoi fatwa. Ninachokitazama ni namna amri ilivyotolewa: jeshi zima halikuhubiriwa huruma, alitajwa mtu mmoja na akaonyeshwa pa kusimama. Waganda wa ukoo wa Mbwa, ambao mbwa ndiye muziro wao, yaani mnyama wao wa mwiko, pengine wanatabasamu kwamba imebidi jambo hili liandikiwe makala.

Atakuja mtu aseme kwamba katika mtaa wa mabanda wa Bwaise kuna watoto wanaolala na njaa, na sisi tunahesabu milo ya mbwa. Hoja hiyo ni nzito na siifutilii mbali. Lakini mbwa hakujileta getini. Asiyemudu kulisha uzazi auzuie: kliniki za wanyama hapa mjini hufunga uzazi, na chama cha USPCA, kinachohifadhi mbwa na paka waliotelekezwa, kinajua vizuri wanakoishia watoto wasiopangwa.

Kuanzia wiki ya tatu au ya nne watoto huanza kulamba uji laini wa posho na mukene iliyosagwa. Wakishaacha ziwa, chakula cha mama hupunguzwa kidogo kidogo ili maziwa yakauke. Wasigawanywe kwa watu kabla ya wiki nane, ingawa Kampala kila mtu anamtaka akiwa bado mdogo kabisa. Mjomba akifika wiki ya tano na boksi lake, akisema ameahidiwa, mwacheni yule mtoto aliyeosha mukene amweleze kwa adabu kwa nini arudi baada ya wiki tatu, na baba asiingilie kati kwa sababu ya kumwonea haya mjomba.