Ugomvi wa Madume na Dhima ya Mfugaji



Siku moja kijana wa jirani, hapa hapa Kariakoo, alinijia na boksi la sabuni mikononi. Ndani yake mlikuwa na simbilisi wawili, wote madume, alioletewa na mjomba wake kutoka Njombe. Mmoja alikuwa amechanika sikio, na mwingine ana damu mdomoni. Akaniuliza: "Mzee wangu, huyu mkorofi nimfanye nini?" Wenzake waliomfuata walikwisha kutoa hukumu yao. Mmoja alisema auzwe, mwingine akasema waachwe wapigane mpaka mmoja ashinde, maana ndiyo tabia ya madume.

Swali hilo ni la kitoto, lakini lilinikalia moyoni. Kwani hapo mkosa ni nani?

Simbilisi si mnyama wa asili ya huku kwetu. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, ambako watu wa Peru na jirani zao wamemfuga kwa maelfu ya miaka kwa ajili ya nyama. Kwetu amezoeleka zaidi Iringa, Njombe na Mbeya, na ng'ambo ya ziwa huko mashariki ya Kongo, ambako mara nyingi huachwa azunguke sakafuni jikoni akila majani na maganda. Dume hupenda kukaa na majike, na dume mwingine akijitokeza hutishana, na pengine hushikana. Kisha anayeshindwa hukimbia. Tuliangalie sana neno hilo, hukimbia, kwa sababu ndilo linalomaliza vita vya hayawani walio wengi. Boksi la sabuni lina pembe nne na halina njia. Aliyeshindwa hana pa kwenda, na aliyeshinda kila akigeuka anamkuta adui yuko pale pale, hivyo kwake yeye vita havijaisha.

Basi yule anayesema "ndivyo walivyoumbwa" amesema nusu ya kweli. Waliumbwa wagombane, na waliumbwa wakimbiane. Sisi tumewanyang'anya hilo la pili, kisha tunawalaumu kwa lile lililobaki.

Imepokewa kwa Ibn Abbas, katika Sunan za Abu Dawud na Tirmidhi, kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kuchochea wanyama wapigane. Mfugaji atajitetea: mimi sikuwachochea, wamepigana wenyewe. Lakini tukumbuke habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka, iliyomo katika Bukhari na Muslim. Hatukusimuliwa kwamba alimpiga. Kosa lake ni kuwa alimfungia asimlishe, wala asimwache akajitafutie mwenyewe. Kwa fahamu yangu, uzito wa kisa kile uko kwenye mlango. Paka aliye huru njaa yake ni shauri lake. Akishafungiwa, njaa yake imekuwa deni la aliyeshika ufunguo. Na kama njaa ni hivyo, kwa nini majeraha yasiwe hivyo? Wala sisemi kufuga ni vibaya. Mdogo wake Anas, Abu Umayr, alikuwa na kidege chake, na Mtume (s.a.w.) alikuwa akimtania kwa ajili yake, na wanavyuoni wengi wameshika hapo ruhusa ya kufuga.

Taabu ya mjini ni nafasi. Nyumba zetu za zamani hapa Kariakoo zilikuwa na vyumba sita, ukumbi katikati, na uwani nyuma. Kuku na bata walipitana humo, na jogoo aliyepigwa alijificha nyuma ya pipa la maji. Leo nyingi zimebomolewa na maghorofa yamesimama mahali pao, na mtoto anayetaka mnyama humweka kwenye roshani ya ghorofa ya nne. Mnyama ni yule yule, ila uwani haupo.

Sasa tumjibu yule kijana. Kwanza ajue kupambanua. Dume akinguruma, akitikisa kiuno, akimkimbiza mwenziwe au kumpanda, hayo ni kujuana nani mkubwa, na mwenye haraka ya kuwaamua kila mara huwarudisha mwanzo. Bali wakigonganisha meno, manyoya ya shingo yakasimama, wakainua vichwa na kurukiana, hapo asingoje. Wala asiingize mkono, maana ataumwa yeye. Atie ubao katikati. Damu ikishatoka, wasilale tena pamoja. Wawekwe jirani, waya katikati, waonane na kusikiana, kwa sababu mnyama huyu upweke humdhuru. Na wale ambao hawajafikia damu wapewe nafasi kubwa, vyombo viwili vya chakula, viwili vya maji, na maficho mawili yenye matundu mawili kila moja, ili anayefukuzwa asibanwe ndani. Majike wawe mbali. Madume wawili huweza kusikilizana; watatu ni shida.

Huko Ujerumani mtaalamu Norbert Sachser na wenziwe waliwachunguza wanyama hawa kwa miaka mingi. Waliona kwamba dume aliyekulia katika kundi kubwa, akakaripiwa na madume wakubwa alipokuwa akibalehe, akikutanishwa baadaye na wageni hakupigana nao. Aliyelelewa bila wakubwa alishambulia, na mwili wake ulionyesha dhiki kubwa. Nilipolisoma hilo niliwakumbuka wazee wa barazani waliokuwa wakitukaripia sisi, watoto wasio wao.

Wengine husema ahasiwe. Katika madhehebu ya Shafi, wanayoyafuata wengi wa watu wa pwani, mnyama anayeliwa huruhusiwa kuhasiwa akiwa mdogo. Lakini dume aliyekwisha kuzoea vita aghalabu haachi kwa kuhasiwa, na kumkata mnyama ili boksi libaki vile vile, mimi sioni uso wake. Ama kuuza, na auze, lakini amwambie mnunuzi kwamba huyu hakai na dume mwenziwe. Kuificha aibu hiyo ni ghushi, hata kama bei ni ya kitoto.

Tulipata mbao za kasha la mizigo kwa fundi mmoja mtaani, tukaunga banda refu lenye waya wa kuku katikati. Jioni kijana huokota majani ya mahindi mabichi na mabaki ya mchicha yanayotupwa na wauzaji, akayagawa pande mbili. Juzi nilipita nikawakuta wanakula, kila mmoja upande wake, wamekaribiana hata manyoya yao yanapenya kwenye waya. Sikio la yule mmoja limepona, ila limebaki na pengo.