Mwanga Unapungua Nini?

Swali hilo si langu. Aliniuliza jirani yangu, fundi cherehani, tukiwa koridoni kwenye nyumba tuliyopanga Tandika, Temeke. Alitaka ukuta kati ya chumba chake na changu utobolewe, kiwekwe kidirisha juu, karibu na lenta. Mama mwenye nyumba alishakubali, kwa sharti kwamba na mimi niridhie. Nikasema ngoja nifikirie. Akacheka. "Kaka, kwani mwanga unapungua nini ukipita kwangu?"

Anayezijua nyumba za Kiswahili anaielewa shida yake. Mlango wa mbele, korido katikati, vyumba huku na kule, jiko na choo uani. Temeke, Magomeni na Mwananyamala zimejaa nyumba za namna hii. Korido ni giza, na chumba cha katikati kinategemea dirisha moja tu la uchochoroni. Uchochoro nao ni wa kudra. Jirani wa pili alipopandisha ukuta wake, dirisha la fundi likawa linatazama tofali. Ukinyoosha mkono nje ya nondo unagusa saruji. Changu ni chumba cha mbele. Kina dirisha la barazani, la mashariki, na jua likichomoza linaingia lote.

Basi taa yake ikawa inawaka toka asubuhi, maana huwezi kutunga uzi kwenye sindano kwa kupapasa. LUKU ni moja nyumba nzima, tunachanga. Haukupita muda minong'ono ikaanza: anayewasha taa mchana achangie mara mbili. (Taa yenyewe ni ya wati chache, na pasi yake ni ya mkaa. Pasi za umeme za hao walionung'unika zinakula uniti kuliko hiyo taa, ila pasi haionekani kwenye upenyo wa chini ya mlango.)

Kwa hesabu ya kawaida swali lake halina jibu. Nikikupa sukari, kopo langu linapungua. Nikikupa umeme, uniti zinapungua. Mwanga wa jua ukipita kwangu ukafika kwako, mimi nabaki nao vilevile. Anayenyima kitu kisichopungua ana choyo tu. Waingereza wana sheria ya mwaka 1832 kwamba dirisha lililopata mwanga miaka 20 bila kuzuiwa, jirani hana tena ruhusa ya kuliziba. Lakini hiyo ni habari ya nyumba na nyumba. Chumba na chumba, chini ya bati moja, mnaachiana wenyewe.

Nami nilikataa wiki mbili nzima. Nilikuwa na neno zuri la kukatalia: sitara. Mtu ana haki ya kusitirika chumbani mwake, na hilo bado naliamini. Nikaongeza na usomi. Mwandishi Mjapani Junichiro Tanizaki ana insha ya mwaka 1933 inayosifu kivuli, na namna mwanga unavyochujwa na karatasi za milango ya Kijapani kabla ya kufika ndani. Niliipenda sana wiki zile. Nilijisemea kwamba si kila giza ni upungufu. Sawa, ila Tanizaki anamsifia kivuli mtu aliyekichagua. Fundi hakuchagua, na sare za shule za Januari hazishoneki kwa kivuli.

Sababu ya kweli ilikuwa nyingine. Nilikuwa nimeachishwa kazi miezi mitatu nyuma, na sikumwambia mtu. Kila alfajiri nilitoka na begi mgongoni kama kawaida, nikazunguka mpaka huko Mbagala, saa nne watu wakishatawanyika nikarudi kimya kimya na kulala. Chumba chenye mwanga kuliko vyote mle ndani kilikuwa cha mtu aliyejifunika shuka gubigubi hadi saa tisa.

Siku nilipomtajia sitara, hakubisha. Alikuwa anakata kitambaa, hata hakuinua uso. "Kaka, kitanda chako kinalia mchana. Nakisikia miezi yote hii. Umemsikia nani akiongea?"

Nilitakiwa kulijua hilo. Kuta zetu zimeishia kwenye silingi bodi, na juu yake ni uwazi mmoja wa nyumba nzima; mtu akikohoa chumba cha uani, wa mbele anasikia. Nilikuwa natetea tofali kana kwamba ndilo lililonisitiri. Kumbe aliyenisitiri ni yeye, kwa kunyamaza, wakati huohuo mimi namnyima mwanga kwa jina la sitara.

Nimejiuliza sana kama kimya chake kilimpa haki ya dirisha. Nadhani hapana. Angelisema siku ya kwanza koridoni, ingekuwa tishio, na ningekuwa sahihi kukataa. Alilisema pale tu nilipolitaja neno ambalo yeye alikuwa akilitenda. Na bado naona mpangaji anaweza kukataa ukuta wake usitobolewe, na asiwe mtu mbaya. Ila aseme anachokiogopa. Mimi nilimwacha mwenzangu alipie taa ya mchana ili nisiseme neno moja: sina kazi.

Kidirisha kiliwekwa Jumamosi moja, juu ya kimo cha mtu, kwa kioo chenye ukungu kinachopitisha mwanga bila kuonyesha mtu. Fundi mwashi alimaliza kabla ya adhuhuri. Asubuhi siku hizi nakunja pazia mapema, maana nikilala nalo limefungwa, cherehani ya upande wa pili inanyamaza.

Kitu ambacho hatukukihesabu ni usiku. Akiwa na kazi nyingi anashona mpaka saa tano, na taa yake inapita kioo kilekile ikaangukia kitandani kwangu. Ya kwangu nimeizima, nabana matumizi. Nasoma kwa uniti zake, na mchango wangu wa LUKU ni uleule wa zamani. Hajauliza kitu.