Riziki na Mchezo: Fikira juu ya Uvuvi wa Trauti

Katika milima ya Sierra Nevada, mpakani mwa majimbo ya California na Nevada huko Marekani, liko Ziwa Tahoe, ambalo uso wake umeinuka mita 1,897 juu ya bahari na kilindi chake hushuka mita 501, nalo ni la pili kwa kina katika nchi ile yote. Maji yake ni maangavu mno, hata Mark Twain, aliyelifikia mwaka 1861 katika ujana wake, alisimulia baadaye katika kitabu cha Roughing It kwamba aliwaona trauti dhahiri chini ya mashua, wala samaki wale hawakuijali ndoana. Trauti si mgeni kabisa kwetu, maana wakaao kando ya mito ya Aberdare na Mlima Kenya wanamjua tangu alipoletwa na Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20. Lakini yule wa Tahoe huishi katika nchi ya majira manne, na kiangazi cha huko ndicho kizaacho suala ninalotaka kulitazama: je, ni haki kwa mtu aliyeshiba kumtoa kiumbe katika kimbilio lake kwa ajili ya furaha tupu, kisha akamrudisha majini na kujihesabu kuwa ametenda huruma?

Ili suala hili lipimwe kwa insafu, yapasa kwanza kujua maisha ya samaki mwenyewe. Trauti ameumbwa kwa maji ya baridi; hustarehe katika nyuzi 10 hadi 15 za Selsiasi, hutaabika maji yapitapo 20, na joto likizidi hapo kwa muda mrefu huweza kumwua, kwa kuwa maji kadiri yapatavyo joto ndivyo yapungukiwavyo na hewa, ilhali mwili wa samaki, ukiharakishwa na joto lile lile, huidai hewa nyingi zaidi. Lita moja ya maji ya nyuzi 10, katika usawa wa bahari, huweza kubeba miligramu 11 hivi za oksijeni. Ya nyuzi 20 hubeba 9 tu. Basi jua la Julai na Agosti linapoupiga uso wa ziwa siku baada ya siku, maji ya juu huwa mepesi yakakaa juu ya yale ya chini yaliyo baridi na mazito, na baina yao hutokea mpaka ambao upepo wa kiangazi hauwezi kuuvunja. Chini ya mpaka huo trauti hukimbilia, si kwa hila wala kwa uvivu, bali kwa amri ya maumbile aliyopewa na Muumba wake.

Mwanadamu naye hamwachi. Alfajiri, kabla jua halijapanda, mashua hutoka ufukoni zikikokota mishipi mirefu. Na kwa kuwa chambo peke yake hakizami vya kutosha, chubwi nzito ya risasi hufungwa katika waya wa chuma, ikateremshwa mita hamsini, sitini au zaidi, na mshipi hubanwa kwenye waya ule kwa kibanio kinachouachia mara samaki anapouma. Chombo kipimacho kwa mwangwi humwonyesha mvuvi kilicho chini yake. Haya ni maarifa ya kusifiwa. Lakini maarifa yakishafunua kila sitara ya mnyama, ulinzi wa pekee unaombakia mnyama huyo ni dhamiri ya mwenye maarifa.

Dini hazikukataza uvuvi. Qurani imehalalisha mawindo ya bahari, hata kwa aliye katika ihramu, aliyezuiwa mawindo ya nchi kavu. Na katika Injili baadhi ya wanafunzi wa kwanza wa Isa walikuwa wavuvi. Lakini uhalali huo umefungamana na sababu yake, nayo ni riziki. Mtume Muhammad alikataza chenye roho kufanywa shabaha, na akaagiza ihsani katika kila jambo, hata katika kuchinja, kisu kinolewe na mnyama asiteswe. Nionavyo mimi, samaki avutwaye kwa ladha ya kuvutana naye tu, pasipo nia yoyote ya kumla, amefanywa shabaha. Tofauti ni kwamba mshale wa mvuvi huyu umetiwa uzi.

Wako wasemao kuwa samaki hana maumivu, na kwa hiyo hakuna dhuluma. Mwaka 2003 mtaalamu Lynne Sneddon na wenzake walionyesha kwamba trauti ana neva kichwani na midomoni zinazopokea madhara, na kwamba waliotiwa asidi midomoni walikawia kurudi kula, na wengine wakaisugua midomo yao katika changarawe. Wataalamu wangali wakibishana kama hayo ni maumivu kama tuyajuavyo sisi. Lakini penye shaka juu ya mateso ya mwingine, insafu huamuru shaka hiyo imfae aliye dhaifu, si mwenye nguvu anayeitafutia starehe yake udhuru.

Hata hivyo wanaovua na kuachia wana hoja nzito, na yafaa isikilizwe kwa heshima. Trauti wa asili wa Tahoe, aitwaye Lahontan, aliwalisha Wawashoe vizazi na vizazi, watu waliokusanyika kando ya ziwa kila kiangazi na kulihesabu kuwa kitovu cha nchi yao. Walipoingia walowezi katika karne ya 19, samaki waliuzwa masokoni pasipo kiasi, misitu ikafyekwa, mito ikatiwa mabwawa, na trauti wa namna nyingine, wakubwa na walaji wa samaki wenzao, wakaletwa kutoka mashariki. Hata ilipokwisha miaka ya 1930 Lahontan alikuwa ametoweka ziwani. Waliompoteza hawakuwa wacheza kwa ndoana peke yao, bali zaidi wachuuzi na wakata miti. Basi, husema watetezi hao, amrudishaye samaki majini anahifadhi kizazi chake.

Nakubali kwamba israfu ilikuwa uovu mkubwa. Lakini ubaya wa israfu hauthibitishi wema wa mchezo, na dawa ya israfu ni kiasi. Zaidi ya hayo, kiangazi huidhoofisha hoja yenyewe. Samaki aliyepandishwa kwa haraka kutoka kilindini hufika juu amechoka, hewa ya kibofu chake imetanuka, ijapokuwa trauti anayo njia ya kuipunguza akipewa muda, na hapo hupitishwa katika tabaka ya joto ambalo mwili wake ulilikimbia. Akiachiwa, huzama angali hai machoni pa mvuvi, na baadhi yao hufa baadaye pasipo kuonekana. Ndiyo maana katika jimbo la Montana, mito ikifikia nyuzi 23 kwa siku tatu mfululizo, uvuvi huweza kufungwa kuanzia saa nane mchana hadi saa sita usiku. Na Uswisi imekwenda mbali zaidi, ikakataza kumvua samaki kwa kusudi la kumwachia.

Izaak Walton, katika kitabu alichokitoa mwaka 1653, aliusifu uvuvi kuwa ni shughuli ya mtu wa tafakuri, na sifa hiyo siidharau. Subira, ukimya, kuamka mapema na kuyatazama maji mpaka nafsi itulie ni fadhila za kweli, na wengi waliozikosa mjini wamezipata juu ya ziwa. Lakini fadhila hizo hazidai mdomo wa kiumbe utobolewe. Aendaye ziwani kutafuta utulivu aweza kuupata mshipi wake ungali umekunjwa. Na akiona kuwa hawezi, ajue kwamba alichokuwa akikitafuta ni ushindi.

Hukumu yangu, basi, ni hii. Anayevua ili ale, avue kwa kiasi cha mahitaji yake, amwue samaki upesi pasipo kumtesa, wala asimtupe. Huyo yumo katika riziki aliyohalalishiwa. Anayevua ili acheze, na aiache ndoana yake hasa wakati wa joto kuu, ambapo kila kinachopandishwa kutoka kilindini kinapandishwa kwa hatari ya uhai wake. Huruma inayokuja baada ya jeraha ni malipo ya deni tu, na mara nyingi hailipi deni lote. Huruma iliyo kamili ni ile inayouzuia mkono kabla haujatupa, nayo mtu hujifunza kwa kulitambua kimbilio la mwenziwe na kuliheshimu hata pale anapokuwa na uwezo wote wa kuliingia.