Marejeo ni Ngamani

Kijana akianza unga wa heroini, nyumba nayo huanza kufunga milango. Kwanza inafichwa simu ya mama. Kisha sufuria zinaingizwa chumbani, jarife linahamishiwa kwa jirani, na mwisho anayewekwa nje ni kijana mwenyewe. Hakuna kikao kilichokaa kuamua hivyo. Hutokea kidogo kidogo, na kila kufuli lina haki yake, maana aliyeibiwa ameibiwa kweli. Lakini ukipita mwaka, miwili, aliyekuwa mwana wa fulani huwa ameshakuwa teja wa gatini, na hata salamu haitikiwi.

Wenye nyumba hizo ndio ninaotaka kuzungumza nao, kuanzia Vanga na Shimoni, kuvuka Wasini, kupanda Msambweni mpaka Ukunda. Wazee wetu walituachia neno la baharini: mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Tumezoea kumtupia aliyetoka, kwamba azunguke atakavyo, atarudi tu. Mimi naona linawahusu zaidi waliobaki chomboni. Atarudi ngama gani, ikiwa tumeifunga?

Wazee hawakuwa wageni wa kileo. Kwale mnazi umegemwa tangu kale, na kwa Wamijikenda tembo lilikuwa na kazi zake. Lilitangulia kwenye posa, kadzama ya tembo ikawekwa mbele ya wazee wa upande wa pili. Lilimwagwa chini penye tambiko. Lilinywewa mang'weni na watu waliokwisha kuoa na kuzaa. Mwanahistoria Justin Willis, katika kitabu chake Potent Brews cha mwaka 2002, ameeleza kwa kirefu jinsi pombe ya Afrika Mashariki ya kale ilivyokuwa mikononi mwa wazee, vijana wakiitazama kwa mbali. Sitaipamba habari hiyo. Wazee walikuwa wakilinda pia ukubwa wao, na walevi walikuwepo. Waislamu wa Shimoni na Wasini nao walikuwa na hukumu yao iliyo wazi, kwamba kileo ni haramu. Ila kwa wote, kwa aliyeruhusu na aliyekataza, palikuwa na mtu mzima wa kuuliza: nani kakupa, unakunywa na nani, kwa jambo gani?

Unga ulikuja bila mtu huyo. Uliingia Pwani ya Kenya katika miaka ya 1980, ukitokea Asia kwa njia ya bahari, kwanza ule wa rangi ya udongo, brauni shuga, uliokuwa ukivutwa. Miaka ya 1990 ikielekea mwisho ukaja mweupe, unaoyeyuka upesi majini, na ndio uliowatia vijana kwenye sindano. Walifundishana rika kwa rika, maskani, mbali na macho ya baba na mjomba. Matokeo yake tunayajua. Takwimu za Kenya za 2012 ziliona virusi vya Ukimwi kwa watu 18 hivi katika kila 100 wanaojidunga, wakati kwa wananchi wote kwa jumla walikuwa chini ya 6.

Serikali imepambana na mzigo, na mzigo ni mkubwa kweli. Aprili 2014 meli ya kivita ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata jahazi nje ya pwani yetu likiwa na zaidi ya tani moja ya heroini. Agosti mwaka huohuo meli nyingine iliyonaswa ililipuliwa baharini, Rais Uhuru Kenyatta akishuhudia. Mlipuko ule ulionekana nchi nzima. Lakini kuzuia mzigo peke yake hakumponyi mtu ambaye mwili wake umeshautegemea. Hilo tulijifunza kwa uchungu kati ya mwisho wa 2010 na mwanzo wa 2011, unga ulipoadimika Pwani. Watafiti waliwahoji watumiaji baadaye, nao wakaeleza: waliumwa, wakahamia vidonge na pombe, wakanunua unga uliochanganywa na visivyojulikana. Wachache tu ndio waliokuwa na pa kutibiwa.

Sasa nije kwenye arosto, maana hapa ndipo familia nyingi za kwetu hukosea kwa nia njema.

Arosto huanza saa chache baada ya kete ya mwisho. Miayo haiishi, mafua yanatiririka, jasho la baridi, ngozi inasimama vipele, tumbo linasokota, mifupa inauma kama inayotwangwa. Siku ya pili na ya tatu ndizo ngumu kupita zote. Baada ya wiki hivi mwili hutulia. Basi wazazi hupanga: tumfungie chumbani wiki nzima, tumpe maji na uji, dua isomwe, atoke akiwa mpya. Wengine hutumia kamba. Wengine mnyororo. Kijana hulia usiku kucha na mama analia upande wa pili wa mlango, na siku ya nane anatoka amekonda, macho meupe, anaomba chai. Nyumba nzima hushukuru Mungu.

Siku hiyo ya shukrani ndiyo ya kumwogopea zaidi. Mwili uliokaa wiki bila unga umesahau kuuhimili, lakini hamu haijaondoka, na mkono unakumbuka kipimo cha zamani. Akirudi maskani siku moja tu, akachukua kile alichokuwa akichukua mwezi uliopita, pumzi inaweza kukatika hapohapo. Ndiyo maana waliotoka jela, na waliotoka kwenye nyumba za kuachia unga, hufa wengi katika wiki za mwanzo. Mwaka 2017 jarida la tiba la BMJ lilichapisha uchambuzi wa Luis Sordo na wenzake uliokusanya habari za watu zaidi ya 120,000 waliotibiwa kwa methadoni katika nchi mbalimbali. Waliokuwa ndani ya tiba walikufa 11 hivi kwa kila 1,000 kwa mwaka. Waliotoka, 36. Uchambuzi huo ulionyesha pia kwamba wiki nne za mwanzo za tiba na wiki nne za mwanzo baada ya kuiacha zina hatari ya peke yake.

Kuhusu mnyororo nina neno la ziada. Sisi tunaowaingiza wageni kwenye mapango ya Shimoni na kuwaonyesha vyuma vilivyobaki ukutani, walipofungiwa watu kabla ya kupelekwa Zanzibar kuuzwa, hatuna ruhusa ya kumfunga mwana wetu mguu kitandani na kusema ni dawa. Babu zetu wangetuona wangeshika vichwa.

Dawa yenyewe ipo. Methadoni ni ya jamii moja na heroini, ila hufanya kazi polepole na hukaa mwilini siku nzima. Haimpi mtu ule mruko wa sindano. Inamwondolea arosto ili aweze kula, kulala na kufanya kazi. Vincent Dole na Marie Nyswander walichapisha majaribio yao New York mwaka 1965. Shirika la Afya Duniani likaitia kwenye orodha ya dawa za lazima mwaka 2005. Tanzania ilianza kuitoa Muhimbili Februari 2011, Kenya ikafuata Mathari mwishoni mwa 2014, kisha Malindi. Kwetu Kwale kituo kiko Kombani. Mgonjwa huja dirishani, hupewa kikombe kidogo, hunywa mbele ya mhudumu, kisha huambiwa aseme neno ili ionekane kimemezwa. Yamekwisha, anaenda zake. Kesho tena.

Najua lawama inayosemwa barazani: ameacha unga kashika unga wa serikali. Huyo hajaacha, amebadilisha muuzaji tu. Nimeyasikia kwa watu ninaowaheshimu, na wasiwasi wao nauelewa, maana dini na desturi zetu zinamtaka mtu awe na akili zake. Lakini aliye kwenye kipimo chake sawasawa ana akili zake. Anapanda mashua, anashika hesabu ya samaki, anaswali, anampeleka mtoto chuoni. Hatumwambii mwenye sukari aache sindano ya insulini ili tujue kwamba kapona. Na wazee, kabla ya hospitali zote hizi, walikwisha kusema dawa ya moto ni moto.

Lawama yangu mimi iko kwenye njia. Kutoka Shimoni hadi Kombani ni zaidi ya kilomita 50 kwenda peke yake, na dozi ni ya kila siku. Mvuvi anayelipwa kwa kile kilichoingia ufuoni atapata wapi nauli hiyo wakati wa kusi, bahari ikichafuka na vyombo vimelala mchangani? Akikosa siku tatu mfululizo, mwili umeshashuka, na hawezi kupewa kipimo chake cha juzi vivi hivi. Lazima apimwe upya. Mtu hushindwa na barabara, kisha sisi tunasema kashindwa na nafsi yake.

Utafiti wa karibuni umefungua mlango hapa. Machi 2020, kwa sababu ya Korona, Marekani iliruhusu wagonjwa waliotulia kubeba dozi za hadi siku 28 nyumbani, jambo ambalo kabla yake liliogopwa sana. Christopher Jones na wenzake walipochunguza vifo katika JAMA Psychiatry mwaka 2022, hawakuona kwamba vifo vya methadoni viliongezeka kwa sababu ya ruhusa hiyo, na mwaka 2024 ruhusa ikafanywa ya kudumu. Ipo pia sindano ya buprenofini ya mara moja kwa mwezi, iliyoidhinishwa huko Marekani mwaka 2017. Kijiji kama Wasini, ambacho hata kufika bara ni kwa mashua, kina haki ya kuuliza kwa nini dawa isimfuate mgonjwa. Na naloksoni, inayomrudishia pumzi aliyezidiwa na unga, inafaa iwepo karibu na maskani zenyewe, mikononi mwa watu waliofundishwa.

Dawa ikishafika, bado kuna suala la pa kurudi. Vita vya Vietnam viliwaonyesha Wamarekani jambo ambalo hawakulitarajia. Mtafiti Lee Robins aliwafuatilia wanajeshi waliorudi mwaka 1971, wakati mmoja kati ya watano hivi alikuwa amezoea heroini kule vitani. Mwaka wa kwanza nyumbani, katika hao waliokuwa wamezoea, waliorudia uraibu walikuwa mmoja kwa 20 hivi. Walikuwa wamevuka bahari. Muuzaji, rafiki wa sindano na kichaka chao vilibaki huko. Kijana wetu hana bahari ya kuvuka. Anatoka Miritini, kwenye kituo cha NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, amenenepa, ana nia, kisha anashuka stendi ileile, anapita gati lileile, na anayemwita kwa jina kwa furaha ni yule wa maskani. Nyumbani kwao wanamwangalia mikono. Mtu hukaa panapompokea.

Zanzibar walilielewa hili mapema wakaanzisha nyumba za upataji nafuu, zinazoendeshwa na watu walioacha wenyewe, ambamo mtu hukaa miezi na wenzake kabla ya kurudi mtaani. Ukunda pia wako walioacha ambao leo huzungukia maskani kuwatafuta wenzao, wakiwa na sindano safi na maneno ya kuwashawishi waende kliniki. Kwangu hao ndio wazee wapya wa jambo hili, hata wawe na umri wa miaka thelathini. Lakini kuwafikia wanawake kwao ni shida. Mwanamke anayetumia hujificha mara mbili, kwa hofu ya polisi na kwa hofu ya kunyang'anywa watoto, hata mimba inapoingia haendi kliniki. Ilhali miongozo ya Shirika la Afya Duniani inataka mjamzito apewe methadoni au buprenofini, wala asikatishwe ghafla.

Na wadogo ambao bado hawajaanza? Mwaka 2022 NACADA ilikadiria kwamba Mkenya mmoja kati ya sita, wa umri wa miaka 15 hadi 65, anatumia kileo au dawa ya kulevya ya aina moja au zaidi. Mei 2024 Mombasa na Kilifi zilipiga marufuku muguka, majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, mahakama ikasimamisha, na mabishano yakaishia kwenye kodi na wakulima wa Embu. Sioni kwamba amri peke yake ingetosha. Aislandi mwaka 1998 vijana 42 kwa kila 100 wa miaka 15 na 16 walikuwa wamelewa mwezi uliotangulia uchunguzi. Kufikia 2016 walikuwa 5. Michezo ililipiwa, saa za usiku zikalindwa, na wazazi wakakubaliana kutembea mitaani jioni na kumwambia mtoto wa mwenzao arudi nyumbani. Nani huku Kwale hakulelewa hivyo? Mkubwa yeyote wa kijiji alikuwa na mamlaka ya kukuuliza unatoka wapi saa hizi, na ukienda kumshtaki kwa mama, mama anakuongezea.

Mapato ya mapango ya Shimoni yamekuwa yakisaidia mambo ya kijiji, BMU, kamati ya usimamizi wa ufuo, ina kikao chake, misikiti ina wafadhili wake, na kina mama wa Wasini wameendesha shughuli zao za utalii kwa mikono yao. Kwa hiyo fedha ndogo za kuanzia si muujiza. Wakikaa, waanze na nauli ya Kombani: inatoka mfuko gani, nani anampitia kijana alfajiri, na nani anapanda naye gari kila siku katika wiki zile nne za mwanzo.